Shaba Mlangoni, Nikeli Mkiani: Kisa cha Kilima Kimoja cha Longido

Kiroba kilifunguliwa juu ya meza yangu hapa Arusha, mawe yakamwagika kwenye gazeti. Walioyaleta walikuwa watatu: mzee wa Kimaasai kutoka upande wa Longido, mwanawe wa kiume, na mama mmoja ambaye kwa miaka mingi amenunua na kuuza rubi. Pamoja na mawe walikuwa na karatasi. Mtu fulani aliyejitambulisha kwao kuwa mtaalamu alipima jiwe lao kwa kile kipimo cha mkononi cha eksirei, akaandika nikeli asilimia 0.28, akawaambia wameokota utajiri. Kwa karatasi hiyo, na kwa ahadi ya kuwatafutia mnunuzi kutoka nje, walimlipa pesa iliyotokana na kuuza ng'ombe wanne.

Jina la kilima sitalitaja, kwa sababu wenyewe wameniomba hivyo. Mengine yote nitayaeleza kwa kirefu. Karatasi za namna ile nimeziona mara nyingi mno, na kila mara mchimbaji mdogo ndiye anayelipia ujinga wa mwingine.

Mawe yalikuwa ya aina mbili. Moja lilikuwa kwatzi nyeupe yenye ukungu, imepakwa kijani kikali kwenye nyufa, na ndani yake mna vipande vya manjano kama shaba iliyosuguliwa. Hilo halikunipa shida. Nilisaga kidogo ile kijani, nikadondoshea tindikali, ikatoa mapovu. Nikatumbukiza msumari safi wa chuma katika maji yale, na baada ya dakika chache ukavaa koti jekundu la shaba. Kijani ni malakaiti, manjano ni chalkopiraiti, yote mawili madini yenye shaba. Kijana alishika ule msumari akauzungushazungusha kwenye mwanga, hakusema neno.

Jiwe la pili lilikuwa zito, jeusi lenye kijani iliyofifia, laini kwenye vidole kama sabuni, limekatwakatwa na mishipa myeupe. Serpentinaiti. Niliuliza: jiwe lililopimwa likaandikwa kwenye karatasi lilikuwa lipi? Mama akaonyesha hilo jeusi. Hapo nikajua kazi yetu inaanzia wapi.

Serpentinaiti huanza maisha yake kama mwamba uliojaa olivini. Olivini hujengwa kwa magnesi, chuma na silika, na chembe ya nikeli inakaribiana kwa ukubwa na ya magnesi kiasi kwamba hupenya ndani ya fuwele na kukaa pale kama mwenyeji. Kwa hiyo miamba ya namna hii, iwe ya Longido, ya Same au ya bara jingine kabisa, kwa kawaida hubeba nikeli kama asilimia 0.2 hadi 0.3. Nikeli hiyo imefungwa ndani ya silika. Huwezi kulisaga jiwe, ukaielesha nikeli kwenye povu la kiwanda na kuikusanya. Njia kuu ya maumbile ya kuipandisha thamani ni hii: mvua na joto la miaka mamilioni kuuozesha mwamba hadi nikeli ikusanyike kwenye udongo mwekundu, kama ilivyotokea Dutwa kule Simiyu. Nyanda za Longido ni kavu, na kilima hiki hakina udongo huo.

Nikeli inayochimbwa kutoka kwenye mwamba mgumu ni ya aina nyingine. Hiyo hutokana na salfa. Uji wa moto unaopanda kutoka chini ukikutana na miamba yenye salfa na kuimeza, hufika mahali ukashindwa kuibeba salfa yote. Matone mazito hujitenga, kama mafuta yanavyojitenga na mchuzi, ila haya huzama badala ya kuelea. Na kila yanaposhuka yanafagia nikeli na shaba zote zilizo njiani. Yakipoa yanakuwa pirotaiti, pentlandaiti na chalkopiraiti, yaani salfaidi, madini ambamo metali imeungana na salfa. Pentlandaiti ndiyo yenye nikeli. Kabanga, kule Ngara, iliundwa hivyo: uji wa moto uliingia kwenye mashapo yenye salfa zaidi ya miaka bilioni 1.3 iliyopita, ukaila salfa yake. Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, nayo ni ya salfaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa nikeli ni asilimia ngapi. Swali lilikuwa: kuna salfa? Na kwenye karatasi ya ng'ombe wanne salfa haikuandikwa mahali popote.

Hata hivyo sikuwarudisha mikono mitupu, kwa sababu ya ile chalkopiraiti. Shaba ya salfaidi kando ya mwamba wa aina hii ni jambo la kufuatilia. Ni jirani anayeweza kuwa ndugu.

*Kilimani*

Tulishika barabara ya Namanga alfajiri. Longido ni kama kilomita 80 kutoka mjini, kisha njia ya vumbi kuelekea magharibi. Kabla ya nyundo kugusa jiwe tulikaa chini ya mti na laigwanani, kiongozi wa kimila wa Kimaasai, na wazee wengine wawili, tukasalimiana kama inavyotakiwa, tukaeleza. Leseni ndogo ya uchimbaji ilikuwepo, kwa jina la kijana, lakini leseni haikupi ruhusa ya kupita malishoni mwa watu bila kusema. Tuliahidi kwamba mtaro wowote tutakaochimba tutaufukia, maana mbuzi hawasomi alama za hatari.

Ardhi ile ni sehemu ya ukanda mkongwe wanaouita Ukanda wa Msumbiji: naisi, kwatzaiti, marumaru na miamba yenye kinywe (yale madini meusi ya penseli), iliyokandamizwa na kupikwa upya mabara yalipogongana, kama miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Ukanda huohuo ndio uliotupa tanzanaiti ya Mirerani na rubi ya Mundarara. Ile rubi inayokaa ndani ya jiwe la kijani imepewa jina anyolaiti, kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani, na hutoka mahali ambapo miamba ya altramafiki, yaani yenye magnesi na chuma nyingi kama hii yetu, inagusana na majirani zake. Juu ya ukongwe huo volkano zimemwaga majivu na lava, kwa hiyo miamba ya zamani inachungulia tu hapa na pale, kilima kimoja kimoja.

Kilima chetu ni kirefu na chembamba, kama mita 400 kwa 90, kimelala kaskazini-kusini. Mtu asiye na kifaa angeweza kukitambua kwa macho: nyasi fupi zilizodumaa, miti michache, na vipande vyeupe vya magnesaiti vimetapakaa kama maganda ya mayai. Magnesaiti nyeupe juu ya udongo mweusi karibu siku zote inakuambia kuna altramafiki chini.

Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yalikuwa matatu, yote upande wa mashariki, yote mpakani mwa serpentinaiti na naisi. Walikuwa wakiifuata kijani. Nilishuka kwa kamba kwenye duara refu zaidi, mita 14. Juu, mshipa wa kwatzi ulikuwa na upana wa sentimita 40 na shaba nzuri. Kule chini ulikuwa umebaki upana wa kidole, umepinda, umevunjika, na pembeni yake mwamba umesagika kuwa unga wa kijivu. Huo ni ufa ambao mwamba umesogea. Salfaidi ni laini. Milima inapokandamizwa hukimbilia penye nafasi, na katika familia hiyo chalkopiraiti ndiyo inayotangulia kukimbia, ikibebwa na maji ya moto mbali kuliko pentlandaiti. Shaba ya mlangoni ilikuwa imehama kutoka kwingine. Wachimbaji walikuwa wanamfuata mtoto aliyeondoka nyumbani, na kadiri walivyochimba ndivyo walivyozidi kuiacha nyumba yenyewe.

Hili naliona kuwa kosa la kueleweka kabisa. Kijani inaonekana kutoka mbali. Nikeli haijitangazi hivyo.

*Kutu mbili zinazofanana*

Siku mbili tulizunguka kilima tukipiga ramani kwa dira na karatasi. Palikuwa na mahali pawili penye kutu nyingi, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea.

Mahali pa kwanza ni kusini, kwenye bega la kilima. Gamba jeusi na la kahawia, linang'aa kidogo, limefunika serpentinaiti. Kipimo cha mkononi kilionyesha nikeli asilimia 0.9, na kobalti juu. Kijana alipiga makofi. Nilimwomba asubiri. Kipimo hichohicho kilionyesha manganizi nyingi, shaba karibu na sifuri. Gamba la manganizi hunywa nikeli na kobalti kutoka kwenye maji yanayopita, kama sifongo, mwaka baada ya mwaka. Tulilipiga nyundo: unene wa sentimita tatu, chini yake jiwe lilelile la kila siku. Hiyo ni kutu ya uongo.

Mahali pa pili hapakuwa na mvuto. Kaskazini-magharibi, kwenye mkia wa kilima, ambapo mwamba unajikunja na kuingia chini ya udongo, palikuwa na mawe ya rangi ya tofali, yenye matundu madogo ya pembe pembe, mepesi kuliko yanavyoonekana. Matundu hayo ni makaburi ya fuwele za salfaidi: salfa imeoza na kuondoka na maji, kuta za chuma zimebaki. Kofia ya kutu ya namna hii, wenye fani huiita gosani. Kipimo kilitoa nikeli asilimia 0.4 tu, chini ya nusu ya lile gamba la kusini. Lakini shaba ilikuwepo, asilimia 0.3, na manganizi haikuwepo. Nikeli na shaba pamoja bila manganizi: nilikaa chini juu ya jiwe, nikanywa maji, nikawaambia maduara ya mashariki tuyaache.

Mzee aliniuliza, kwa upole, ilikuwaje namba ndogo inifurahishe kuliko kubwa. Nikamwambia, mzee, ng'ombe aliyenenepa kwa kunywa maji mengi na ng'ombe aliyenenepa kwa nyasi, wewe mwenyewe unawatofautisha kwa macho. Alicheka, akaeleza wenzake kwa Kimaasai kwa maneno mengi kuliko yangu.

Tulichimba mitaro mitano kukata mkia, kila mmoja karibu kina cha kiuno, na kuchukua sampuli kila mita moja. Mitaro mitatu ilikutana na ile kutu, kwa urefu wa kama mita 60, upana wa wastani mita mbili. Lakini sampuli ya juu haitoshi kujibu swali la salfa, maana juu salfa imekwisha kuondoka. Ilibidi kufika kwenye mwamba mbichi. Na hapa wachimbaji wenyewe ndio waliokuwa wataalamu. Vijana wanne, kwa tindo, nyundo na magogo ya kuzuia kuta, walishusha kishimo safi kilichonyooka kuliko nilivyokuwa nimechora. Mita ya saba kutu ikakatika. Jiwe likatoka jeusi, limenyunyiziwa chembe za rangi ya shaba nyeusi, na kipande cha sumaku kilichofungwa kwa uzi kikavutwa pembeni. Sumaku peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu serpentinaiti huwa na magnetaiti inayovuta vilevile. Rangi ile na sumaku kwa pamoja ndiyo pirotaiti.

Maabara iliombwa vipimo viwili kwa kila sampuli: kimoja kinachoyeyusha jiwe lote, kingine kwa mchanganyiko dhaifu unaoyeyusha salfaidi tu na kuiacha silika. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo ukweli wa mwamba. Serpentinaiti ya kawaida, ileile ya karatasi, ilikuwa na nikeli asilimia 0.27 kwa jumla. Iliyokuwa kwenye salfaidi ni 0.02. Jiwe bichi la mkiani lilikuwa na jumla ya asilimia 0.5, na kati ya hiyo 0.3 ilikuwa kwenye salfaidi. Salfa asilimia 3.2, shaba 0.2.

Hesabu iliyofuata niliifanya mbele yao, kwenye mfuko wa saruji. Salfaidi za aina hii huwa na salfa kama asilimia 37 ya uzito wake. Kwa hiyo salfa ya 3.2 inamaanisha kama asilimia 8 hadi 9 ya jiwe ni salfaidi. Nikeli ya 0.3 ikigawanywa humo, salfaidi yenyewe ina nikeli karibu asilimia 3.5. Hiyo ni salfaidi yenye afya. Yale matone yalifagia kweli kabla ya kutulia. Tatizo ni uchache wake.

*Vifaa vilivyotudanganya*

Tulikodi kipimo cha sumaku na kipimo cha umeme wa ardhini kwa siku chache. Cha sumaku kilitusaidia jambo moja kubwa: kilionyesha serpentinaiti haiishii mkiani, inaendelea chini ya udongo kwa kama mita 150 kuelekea kaskazini. Kuhusu salfaidi hakikusema lolote, kwa kuwa magnetaiti ilikuwa inapiga kelele kila mahali.

Cha umeme kilitoa ishara kali sana upande wa magharibi, nje ya kilima. Mtu mwenye haraka angepeleka mtambo hapo. Tulichimba mita moja na nusu, mikono ikawa myeusi: kinywe. Miamba ya kinywe hupitisha umeme vizuri mno, na ukanda huu umejaa kinywe. Wakati huohuo, juu ya salfaidi yetu kipimo kilinyamaza, kwa sababu chembe za asilimia 8 zilizotawanyika hazigusani, na umeme hauna njia ya kupita. Kifaa kilikuwa kizima. Sisi ndio tungekosea kukiuliza swali lisilo lake.

*Kinachobaki baada ya hesabu*

Nilichukua picha yenye neema yote: urefu mita 60, upana mita mbili, kina mita 50, na tani tatu kwa kila mita ya ujazo. Zinatoka tani 18,000 za mwamba. Nikeli inayoweza kutolewa, asilimia 0.3, ni tani 54. Sehemu kubwa ya mwaka 2025 tani moja ya nikeli kwenye soko la London ilikuwa karibu dola 15,000, kwa hiyo thamani yote ya juu ni kama dola 810,000, kabla ya kuchimba, kabla ya hasara za kiwandani, kabla ya mrabaha. Kiwanda cha kutenganisha salfaidi kwa povu hakijengwi kwa pesa hiyo. Dhahabu unaweza kuisaga kwenye karasha na kuiosha nyuma ya nyumba. Nikeli haina njia hiyo. Kabanga ina makumi ya mamilioni ya tani zenye nikeli ya karibu asilimia 2, na bado imechukua miongo tangu ilipotafitiwa miaka ya 1970.

Mama wa rubi aliniuliza kuhusu siku ile nikeli ilipovuka dola 100,000. Alikumbuka vizuri: Machi 8, 2022, na soko lenyewe lilisimamisha biashara. Nilimwambia bei ile ilitokana na wafanyabiashara waliobanwa, ikadumu kwa muda mfupi tu, na anayepanga mgodi kwa bei ya siku moja ataula wa chuya.

Wenzangu wawili niliowaonyesha ramani walisema hapa hakuna kitu, fungeni. Sikubaliani nao. Miamba inayobeba salfaidi kubwa mara nyingi huwa midogo kwa sura. Huwa ni mifereji ambayo uji wa moto ulipita kwa muda mrefu, na matone mazito hujikusanya chini au penye kona. Hiki kilima kina salfaidi halisi, ina nikeli ya kutosha ndani yake, na kiko jirani na miamba yenye salfa. Upande uliokuwa chini zamani, baada ya mikunjo yote ile, unaweza sasa kuwa ubavuni. Kwa maoni yangu panastahili mashimo mawili ya kuchoronga, moja likipita chini ya mkia na jingine mita 80 mbele, kaskazini. STAMICO, shirika la madini la taifa, ina mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na kampuni yenye leseni ya utafutaji nayo inaweza kubeba gharama. Pesa za mifugo ya familia zisiingie humo hata shilingi.

Lakini palikuwa na kasoro moja ambayo hakuna maabara ingeiona. Leseni ndogo ni hekta 10 tu, na ya kijana ilichorwa kuzunguka maduara ya shaba. Tulipotembea kwenye nguzo za mipaka tukiwa na GPS, tulikuta karibu theluthi ya mkia, na upanuzi wote wa kaskazini chini ya udongo, uko nje. Walikuwa na mlango, sehemu muhimu ilikuwa ya yeyote atakayeiomba kwanza. Ndiyo maana sikumpa mtu yeyote nakala ya ramani hadi kijana alipopeleka ombi la leseni ya pili kwenye ofisi ya Tume ya Madini hapa Arusha. Wachimbaji wadogo wengi hupoteza ardhi kwa kuonyesha matokeo kabla ya kuweka nguzo.

Siku ya mwisho kilimani tulifukia mitaro, na vijana wakaweka mabamba ya mbao na miba juu ya maduara matatu. Kishimo cha mkiani kilibaki, kimezungushiwa boma la miiba refu kuliko mtu. Sampuli ziko kwenye masanduku mawili nyumbani kwa mzee, kila mfuko una namba yake, na kitabu cha namba anacho mwanawe. Jioni, ng'ombe wakirudi, mzee aliniuliza kama ile karatasi ya kwanza ina kazi yoyote. Nikamwambia, hapana, mzee. Alitikisa kichwa polepole, akahesabu ng'ombe wake walipokuwa wakiingia bomani.